Mafundisho ya Kujiendeleza Yapimwe Petite Barrière



Siku hizi hazipiti wiki nyingi bila mtu kuja mashambani na viwandani kwetu na semina ya kujiendeleza. Huja na karatasi kubwa za kubandika ukutani, kalamu za rangi na maneno matamu: jiwekee lengo, amka mapema, weka akiba kwanza ndipo ule, umaskini huanzia kichwani. Wachuma chai huketi kwenye nyasi baada ya kupima majani, wamechoka, wakasikiliza kwa adabu. Mwisho hupigwa makofi na kugawiwa soda. Kesho yake kikapu mgongoni ni kile kile.

Sisemi kwamba mafundisho hayo yote ni uongo. Mimi nilisoma shule ya msingi tu, lakini kazi ya chama imenifundisha kwamba neno la msomi halikubaliwi kwa sababu ya elimu yake, wala halikataliwi kwa sababu hiyo. Hupimwa kama majani yanavyopimwa. Na mizani tunayo hapa hapa Rubavu, pale Petite Barrière, kivuko kidogo kati ya Gisenyi na Goma.

Tulichukue fundisho moja linalopendwa sana na wakufunzi, lile la subira. Limetoka kwa Walter Mischel, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake walimketisha mtoto mdogo peke yake chumbani, mbele yake wakaweka kitu kitamu, pipi laini au biskuti. Mtoto akaambiwa: ukitaka kula sasa, utapata kimoja, ukingoja mpaka nirudi, utapata viwili. Wengine walingoja, wengine walishindwa. Miaka ilipopita, watafiti waliwatafuta tena watoto hao wakiwa vijana, wakaona kwamba waliongoja muda mrefu walikuwa wakifanya vizuri zaidi shuleni. Basi! Wakufunzi wa dunia nzima wakalidaka jambo hilo: anayeweza kujizuia leo ndiye tajiri wa kesho. Na kinyume chake husemwa kwa sauti ya chini, kwamba maskini ni yule aliyekula pipi yake.

Sasa twendeni kwenye kivuko.

Kabla ya mwaka 2020 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka hapo kila siku kwa miguu, na wachuuzi wengi kati yao walikuwa akina mama. Huvuka na nyanya, karoti, kabichi, maziwa, vitu vya kuliwa Goma, na wengine hurudi na vitenge. Mama wa aina hii huamka kabla ya jogoo. Lengo analo: auze yote kabla jua halijazama. Mara nyingi mzigo ameuchukua kwa mali kauli, na jioni lazima amrudishie mwenye mali fedha zake, kinachobaki ndicho chake. Hakuna mkufunzi anayeweza kumfundisha nidhamu mama huyo. Labda yeye ndiye amfundishe mkufunzi.

Lakini tazameni yaliyompata katika miaka michache tu. Tarehe 1 Agosti 2019 mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa kwa hofu ya Ebola iliyokuwa imeingia Goma. Ni saa kadhaa tu, lakini nyanya iliyoiva haijui kungoja. Machi 2020 ikaja korona, mwenye kikapu akazuiwa kabisa kuvuka. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, watu wakakimbilia upande wetu, na matetemeko yakapasua nyumba za Rubavu. Tarehe 17 Juni 2022 askari wa Kongo aliuawa kwa risasi hapo hapo Petite Barrière, na baada ya hapo upande wa Goma ukawa unafunga saa tisa alasiri. Kwa anayeuza jioni, wakati watu wanapotoka kazini, hiyo ni kukatwa mkono. Halafu mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mabomu yakaangukia hadi Rubavu na kuua watu. Benki za Goma zikafungwa kwa miezi.

Hilo la benki nataka tulitafakari vizuri. Alikuwapo mtu Goma aliyefuata semina neno kwa neno. Hakula pipi yake, aliipeleka benki. Akakuta mlango umefungwa na fedha zake ndani. Jirani yake, ambaye wangemwita mpumbavu, alikuwa amenunua mabati na magunia ya maharage, na hao watoto wake walikula. Nani kati yao alikuwa na akili ya maendeleo?

Katika mambo yote hayo hakuna hata moja lililoletwa na muuza nyanya kukosa bidii.

Swali hili la nani mwenye akili wataalamu wenyewe wamelijibu, ila jibu halifiki kwenye semina. Katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, Celeste Kidd na wenzake walirudia jaribio la pipi kwa watoto 28, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kwanza walimpa kila mtoto kazi ya kuchora, wakamwahidi kumletea rangi na picha nzuri zaidi. Watoto 14 waliletewa walichoahidiwa. Wengine 14 waliambiwa: samahani, kumbe hatuna. Kisha ndipo ikaletwa pipi. Waliotimiziwa ahadi walingoja dakika 12 kwa wastani. Waliodanganywa walingoja dakika 3. Katika kundi la kwanza 9 walifika mwisho wa robo saa. Katika kundi la pili alifika mmoja.

Ndugu zangu, watoto wale hawakutofautiana kwa tabia. Waligawanywa kwa bahati tu. Waliodanganywa walipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi: mtu huyu haleti, bora nile. Mwaka 2018 watafiti wengine, Tyler Watts na wenzake, waliangalia watoto zaidi ya 900 na kuona kwamba uhusiano wa subira na mafanikio ya baadaye ulikuwa mdogo kuliko ilivyosemwa mwanzo, na ulipungua zaidi sana walipoingiza katika hesabu hali ya nyumbani kwa mtoto. Kwa hiyo mtu akikuambia huna subira, muulize kwanza ni nani aliyekuahidi, na mara ngapi alileta.

Nisiwe mchoyo, yapo mafundisho yaliyofaulu. Huko Lomé, Togo, watafiti waliwagawa wenye biashara ndogo 1,500 katika makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa hesabu na taratibu za biashara kama kawaida. Jingine lilifundishwa kuwa na ubunifu, kuanza jambo bila kusukumwa, kutokata tamaa kikwazo kikitokea. La tatu halikufundishwa. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba faida ya waliofundishwa ubunifu ilipanda kwa asilimia 30 wakilinganishwa na wasiofundishwa. Mafunzo ya kawaida hayakuleta faida ya kuaminika. Kwa hiyo moyo wa mtu una kazi yake, sikatai. Lakini mwenye ubunifu naye anahitaji njia iliyo wazi ya kupitisha bidhaa.

Na tukitafuta ubunifu, tumeuona kivukoni. Korona ilipozuia watu, wachuuzi walijikusanya katika vikundi, mizigo ikapakiwa pamoja katika gari moja na kuvushwa, wenyewe wakabaki nyumbani. Wasafirishaji wenye ulemavu, wale wa baiskeli za magurudumu matatu za kusukuma kwa mikono, walikuwa wamekwisha kujiunga katika ushirika zamani. Na akina mama wana vikundi vyao, kwetu tunaita ikimina, wenzetu wa Goma wanaita likelemba. Hapo nakumbuka fundisho jingine, la Abraham Maslow wa mwaka 1943, ambalo wakufunzi hulichora kama piramidi: kwanza tumbo, halafu usalama, halafu ndiyo upendo na ujamaa. Mama wa ikimina hutoa mchango wake siku ambayo nyumbani hapajapikwa. Kwake yeye wenzake ndio usalama, na ndio tumbo la kesho. Anawaamini kwa kuwa anawajua kwa majina, na zamu yake isipofika anajua mlango wa kugonga.

Je, sisi wachuma chai tunajua mlango wa kugonga? Sisi tunalipwa kwa kilo. Kiangazi, kuanzia Juni, majani huwa machache na malipo hupungua, hata ukiamka saa tisa ya usiku. Katika shamba moja, sitalitaja, wafanyakazi waliahidiwa malipo mwisho wa mwezi, yakaja wiki tatu baadaye, na kilo zilizoandikwa zilikuwa pungufu ya zile walizopima. Mwezi uliofuata ikaletwa semina ya akiba. Mzee mmoja akainua mkono akauliza, “Mwalimu, niweke akiba ya mshahara upi, huu au ule ambao haujaja?” Watu walicheka. Mkufunzi akasema swali hilo haliko katika somo la leo.

Halmashauri ya tawi imeamua kwamba swali hilo litakuwa la kwanza katika kikao chetu na mwajiri. Wanachama wote watunze vipande vya karatasi vya uzito wa majani, hata vilivyolowa, wavilete vya miezi mitatu iliyopita kwa mjumbe wa kikundi chao. Aliyepoteza vyake aje na jina la mwenzake aliyekuwa naye kwenye mizani siku hiyo.