Siri ya heroe wa Ziwa Nakuru kujaa na kutoweka

KUTOKA Lanet, viungani mwa jiji la Nakuru, ni mwendo mfupi hadi katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Kwa miaka mingi wageni walimiminika humo kuwatazama heroe, ndege wa rangi ya waridi ambao nyakati fulani walizidi milioni moja. Katika miaka ya karibuni idadi yao imeshuka mno. Je, kwa nini waliondoka?

Jibu limo katika safari ya kawi, inayoanzia kwenye jua na kupita kutoka kiumbe kimoja hadi kingine.

Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia humo, jua hukausha maji, na magadi hubaki. Katika maji hayo humea viumbe vidogo mno vya kijani viitwavyo spirulina. Hivi ndivyo hunasa mwangaza wa jua na kuugeuza kuwa chakula, kama yafanyavyo majani ya mahindi shambani.

Heroe mdogo huinamisha kichwa na kuchuja spirulina kwa mdomo wake. Ndege mmoja huweza kula takriban gramu 70 kwa siku, chakula hicho kikipimwa kikiwa kikavu.

Wanasayansi hukadiria kwamba ni takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya kawi inayovuka kutoka hatua moja ya msururu wa chakula hadi nyingine. Nyingi ya iliyosalia hutumika katika kupumua, kutembea na kuruka, kisha hupotea kama joto. Msingi wa hesabu hii uliwekwa na Mmarekani Raymond Lindeman mwaka wa 1942.

Kwa mfano, spirulina ikiwa na vipimo 10,000 vya kawi, heroe hupata 1,000, naye furukombe anayewawinda heroe hupata 100. Ndiyo maana furukombe huwa wachache ilhali heroe walifunika ufuo mzima.

Mwari naye hula samaki. Samaki wadogo jamii ya tilapia waliletwa hapa kutoka Ziwa Magadi kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kuangamiza mbu. Kwa kuwa samaki hao hula spirulina, mwari yuko hatua moja zaidi mbali na jua kuliko heroe.

Kuanzia takriban mwaka wa 2010 maji ya ziwa yalipanda, likapanuka kutoka kilomita mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60. Magadi yalizimuliwa na spirulina ikapungua. Msingi ulipotikisika, heroe walihamia Bogoria na maziwa mengine ya Bonde la Ufa.

Funzo lingine linawahusu wakazi moja kwa moja. Kawi hupungua kila hatua, lakini sumu kama zebaki hufanya kinyume: huzidi kurundikana mwilini mwa mlaji. Madini mazito yamewahi kupatikana katika viungo vya heroe wa ziwa hili.

Kwa hivyo, taka zinazotupwa mtoni au katika mitaro ya jiji haziishii hapo. Ziwa lisilo na njia ya kutokea huzihifadhi, na msururu wa chakula huzirejesha kwa yeyote alaye samaki wake.