Saturn: gari la Marekani lililopendwa na wenyewe kuliko na kampuni iliyolizaa

Mwezi wa Juni 1994, mji mdogo wa Spring Hill, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, ulipokea wageni karibu 44,000. Hawakuja kwa mechi ya mpira wala kwa mkutano wa maombi. Walikuja kutembelea kiwanda cha magari. Familia kwa familia zilisafiri kutoka majimbo ya mbali ndani ya gari dogo la Saturn, ili kuona mahali gari hilo lilipotengenezwa na kusalimiana na wafanyakazi waliolitengeneza.

Miaka 15 baadaye, kampuni mama ya Saturn, General Motors (GM), ilitangaza kwamba jina hilo linafutwa. Leo hakuna Saturn mpya inayotoka kiwandani, lakini za zamani bado zinatembea katika barabara za Marekani na Canada. Kwa msomaji wa Goma au Lubumbashi, anayeona Toyota kila kona, jina hili ni geni. Ndugu zetu waliohamia Marekani, wao wanaweza kulikuta kati ya magari ya bei ndogo yaliyokwisha tumika, na swali la mnunuzi huwa lile lile: kampuni imekufa, piyesi nitapata wapi?

Jibu linategemea ni Saturn ipi, na ya mwaka gani. Ili kulielewa, ni lazima kurudi nyuma miaka 40.

Kuwakimbiza Wajapani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wamarekani wengi walikuwa wameanza kununua magari madogo ya Toyota na Honda. Yalikula mafuta kidogo na hayakuharibika ovyo. GM, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za magari duniani, ilishindwa kutengeneza gari dogo zuri na kulipatia faida. Mwenyekiti wake, Roger Smith, aliamua kwamba dawa haiwezi kupatikana ndani ya nyumba ya zamani. Mwezi wa Januari 1985 akaanzisha kampuni mpya kabisa chini ya GM na kuiita Saturn, jina la roketi zilizowafikisha Wamarekani mwezini katika mashindano yao na Umoja wa Kisovieti. Safari hii Wajapani ndio walichukua nafasi ya Warusi.

Majimbo mengi yaligombania kiwanda hicho, na baadhi ya magavana walikwenda hadi kwenye televisheni kuyanadi majimbo yao. Spring Hill, karibu kilomita 50 kusini mwa Nashville, ndiyo iliyochaguliwa, ikiwa bado sehemu ya mashamba na mifugo.

Jambo jipya zaidi lilikuwa namna ya kufanya kazi. Kabla ya kujenga chochote, GM na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, walituma kundi la watu 99, mabosi na wafanyakazi pamoja, kutembelea viwanda mbalimbali na kuchunguza ni wapi kazi inakwenda vizuri na kwa nini. Mkataba uliotoka hapo haukufanana na ule wa viwanda vingine vya GM. Wafanyakazi waligawanywa katika vikundi vilivyojipangia kazi vyenyewe. Wawakilishi wa chama walikaa meza moja na wakubwa kuamua mambo ya kampuni. Sehemu ya mshahara ilitegemea ubora wa magari na mafunzo waliyofuata.

Wafanyakazi waliyachukua maneno hayo kwa uzito kuliko walioyaandika. Mwaka wa 1991 GM ilipotaka magari yatoke kwa wingi zaidi, walipunguza mwendo wa kazi na kuvaa vitambaa mkononi siku mwenyekiti mpya, Robert Stempel, alipokuja kutembelea kiwanda. Hawakuwa wakidai nyongeza ya mshahara. Walikuwa wakilalamika kwamba haraka ile inaleta magari yenye kasoro. Mgomo wa namna hiyo si rahisi kuukuta mahali pengine.

Bei moja kwa wote

Gari la kwanza lilitoka kiwandani tarehe 30 Julai 1990. Roger Smith, aliyekuwa anastaafu, aliliendesha akiwa na rais wa UAW, Owen Bieber. Mauzo yalianza miezi michache baadaye, na bei ya chini kabisa ilikuwa dola 7,995.

Bei hiyo haikujadiliwa. Wamarekani wanapenda kusema kwamba kwao bei imeandikwa, lakini kwenye duka la magari ilikuwa soko kama masoko yetu: mnabishana, muuzaji anakwenda "kumuuliza bosi", anarudi na bei nyingine, na mwishowe hujui kama umeibiwa. Saturn iliondoa mchezo huo. Bei iliyoandikwa ndiyo iliyolipwa, na kila mtu alilipa sawa. Wanawake na vijana, ambao mara nyingi walidanganywa zaidi kwenye maduka hayo, walilipokea jambo hili kwa furaha. Siku ya kuchukua gari, wafanyakazi wa duka walikusanyika, wakapiga makofi, wakampiga mteja picha akiwa karibu na gari lake. Kuna aliyeona ni utoto. Lakini picha zile bado zimo katika albamu za familia nyingi.

Gari lenyewe halikuwa la ajabu. Injini ya lita 1.9 ilipiga kelele, na viti vilikuwa vya kawaida. Sifa yake ilikuwa milango na mabawa ya plastiki ngumu. Kitoroli cha supamaketi kikiligonga, mlango ulibonyea kidogo na kurudi mahali pake, bila alama na bila kutu. Wauzaji waliupiga mlango teke mbele ya mteja ili aamini.

Uaminifu wa kampuni ulipimwa mapema. Mwaka wa 1991 iligundulika kwamba magari 1,836 yalikuwa yamewekewa maji mabaya ya kupozea injini, yanayokula chuma. Kampuni nyingine ingebadilisha maji na labda injini. Saturn ilibadilisha gari zima: mteja alirudisha la kwanza na kupewa jingine. Miaka miwili baadaye ikabidi kuita zaidi ya magari 350,000 kwa sababu ya waya uliokuwa unaweza kuwaka moto, na baadhi ya maduka yaliwachomea nyama wateja waliokuja kutengenezewa. Badala ya kukasirika, watu walirudi nyumbani wakiisifu kampuni.

Mwaka wa 1994, ule wa sherehe ya Spring Hill, Saturn iliuza magari 286,003. Haikuwahi tena kufikia idadi hiyo.

Detroit yafunga mfuko

Watu wengi wanasema Saturn iliuawa na msukosuko wa uchumi wa 2008. Tarehe zinaonyesha jambo jingine. Mwaka wa 1994 mteja mwenye furaha alikuwa na Saturn ndogo. Miaka mitano baadaye alikuwa na watoto watatu, na alitaka gari kubwa zaidi la jina lile lile. Halikuwepo. Makao makuu ya GM kule Detroit yalikuwa na Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile na Buick, na wakubwa wa majina hayo hawakufurahi kuona mabilioni ya dola yakienda kwa mtoto mpya wa Tennessee. Fedha za kuunda magari mapya zikacheleweshwa. Hapo ndipo ninapoona ugonjwa ulipoanza, wakati wateja bado walikuwa wanapiga foleni.

Hata gari la umeme la GM, EV1, lililokodishwa kupitia maduka ya Saturn kuanzia 1996, liliishia vibaya. Waliolikodi waliomba wauziwe. GM iliyachukua magari yake na kuyaponda mengi kati yake.

Gari kubwa zaidi la Saturn, L-Series, lilitokea mwaka wa 1999. Lilichukua umbo la Opel ya Ulaya na halikutengenezwa Spring Hill bali Delaware. Halikuuzwa vizuri. Mwaka wa 2004 mkataba wa pekee wa wafanyakazi ukafutwa, na Spring Hill ikarudi chini ya sheria za viwanda vingine vya GM. Mwezi wa Machi 2007 Saturn ya mwisho ikatoka katika kiwanda kile. Magari yaliyofuata yalikuwa ya kampuni mama yakiwa yamebandikwa jina la Saturn, hata Astra iliyoletwa kwa meli kutoka Antwerp, Ubelgiji. Baadhi yalikuwa mazuri kweli: Aura ilichaguliwa gari la mwaka 2007 Amerika ya Kaskazini. Lakini mnunuzi aliweza kupata karibu gari lile lile kwa Chevrolet, kwa jina la Malibu.

GM ilipofilisika tarehe 1 Juni 2009, Saturn iliwekwa sokoni. Roger Penske, aliyewahi kuwa dereva wa mashindano na sasa mfanyabiashara mkubwa wa magari, alikubali kuichukua. Wauzaji wapatao 350 walipumua. Lakini Penske alihitaji kampuni ya kumtengenezea magari baada ya GM kuacha. Mazungumzo yalikuwa na Renault ya Ufaransa, kama vyombo vya habari vya wakati ule vilivyoripoti, na baraza lake la wakurugenzi likakataa. Tarehe 30 Septemba 2009 Penske alijitoa, na siku ile ile GM ikatangaza kuifunga Saturn. Maduka yalipewa hadi Oktoba 2010.

Waliobaki na ufunguo mkononi

Kwa wenye magari, kufungwa huko hakukuwa na maana ya kuachwa siku ile ile. Garanti ziliendelea kuheshimiwa katika maduka mengine ya GM. Na hapa ile tabia ya kubandika majina, iliyoiua Saturn, iligeuka msaada. Mwenye Aura anatumia vipuri vingi vya Malibu. Vue ya mwisho ni ndugu ya Opel Antara, na iliendelea kutengenezwa kwa jina la Chevrolet Captiva. Fundi anayejua undugu huo hahangaiki sana.

Mwenye Saturn ya zamani, ile ya Spring Hill yenyewe, ana shida tofauti. Injini yake haikufanana na ya gari jingine lolote la GM, na milango ya plastiki haina ndugu. Plastiki ile haipati kutu, lakini kwenye baridi kali na kwa umri inapasuka, na ikipasuka hainyooshwi kwa nyundo. Wanaoyatunza wanazunguka katika makaburi ya magari wakitafuta mlango wa rangi inayofanana. Tena plastiki inaficha: nje gari linang'aa, chini chuma kimekwisha liwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Anayenunua ainame atazame chini.

Ugonjwa mwingine unajulikana kwa kila mwenye gari hilo: injini inakula oili. Pete za pistoni hazirudishi oili vizuri, nayo inaungua kidogo kidogo bila moshi mwingi. Wenye kuzoea wanabeba kopo la oili kwenye buti na kupima kila wanapojaza petroli. Wakifanya hivyo, injini ile, inayotumia mnyororo badala ya mkanda, inatembea miaka mingi. Wasiopima wanaiua.

Kuna jambo zito zaidi kuliko oili. Saturn Ion, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2002, ilikuwa na kontakti dhaifu. Ufunguo wenye mzigo wa funguo nyingine, au shimo barabarani, uliweza kuizungusha gari likiwa mwendoni. Injini inazimika, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa inayomlinda dereva haifunguki. Hati za GM zilionyesha kwamba tatizo lilionekana kwenye Ion mwaka wa 2001, kabla haijaingia sokoni. Kampuni iliyaita magari hayo mwaka wa 2014 tu, pamoja na Chevrolet Cobalt na mengine, jumla milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Mwaka uliofuata GM ilikubali kulipa dola milioni 900 ili kumaliza kesi na serikali ya Marekani.

Mwaka wa 1991, kwa magari 1,836, kampuni iliyoitwa Saturn ilibadilisha magari mazima kabla watu hawajalalamika. Kwa Ion, wenye magari walisubiri zaidi ya miaka kumi, na barua ya kuwaita ilipofika, duka walilonunulia lilikuwa limekwisha fungwa. Kontakti hiyo inabadilishwa bila malipo, na mtu anayenunua Ion leo anaweza kuuliza kwa namba ya gari, ile ya tarakimu na herufi 17, kama kazi hiyo ilifanyika.

Kiwanda cha Spring Hill hakikufa. Kilifunguliwa tena mwaka wa 2012, na sasa kinatengeneza magari ya GM yenye majina mengine, yakiwemo ya umeme ya Cadillac.