Mwanga Usioiona Fosforasi

Udongo wa mashariki mwa Mlima Kenya, kuanzia Embu hadi Meru, ni mwekundu na mzito, wa kung'ang'ania jembe. Wataalamu huuita nitisoli. Chuma na alumini zilizomo huifunga fosforasi, kwa hiyo unaweza kutia mbolea ya DAP na bado ukaona mahindi machanga yana majani ya zambarau. Swali la mkulima wa huku, basi, ni fosforasi.

Njia moja ya kulijibu, upimaji wa udongo kwa mwanga wa infraredi, ilikuzwa Nairobi, katika kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF kule Gigiri. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh walichapisha kazi iliyotumia sampuli zaidi ya 1,000 kutoka mashariki na kusini mwa Afrika. Kwa mbinu hii sampuli chache zinapimwa kwa kemikali, kompyuta inajifunza kwazo, kisha inakisia zilizobaki kwa kusoma mwanga tu. Bei ya kipimo inashuka sana. Baadaye AfSIS, mradi wa taarifa za udongo wa Afrika, ukaisambaza mbinu hiyo katika nchi nyingi za Afrika.

Mwaka 2014 data ya mradi huo ilishindaniwa kwenye Kaggle, tovuti ya mashindano ya data: kila sampuli ilikuwa na vipimo 3,578 vya mwanga, na mambo matano ya kukisia. Fosforasi ndiyo iliyosumbua. Wala kosa si la programu. Kaboni na udongo wa mfinyanzi hunyonya mwanga kwa namna inayotambulika. Fosforasi inayofyonzwa na mmea ni kidogo mno, haina alama yake. Kompyuta huikisia kupitia vitu vinavyoandamana nayo, na ukiteremka kutoka udongo mwekundu wa Runyenjes hadi mchanga wa Mbeere, maandamano hayo hubadilika.

Shambani kuna tatizo jingine. Maabara hukausha udongo, huuchekecha kwa chekeche ya milimita 2, kisha huusaga ukawa unga. Kifaa cha mkononi hukutana na udongo jinsi ulivyo, na mvua za Oktoba zikishaanza, maji yenyewe hunyonya mwanga na kuficha mengine.

Ningekuwa na sauti kwenye bajeti, ningepunguza vifaa vya mkononi na kuongeza vipimo vya kemikali kutoka Nkubu, Runyenjes na Siakago, ili kompyuta ijifunze udongo wa hapa. Na ripoti ya mkulima itenganishe kilichopimwa na kilichokisiwa, kabla hajaipeleka duka la agroveti na kununua gunia la DAP kwa kuiamini.