Mbwa na Paka Watundu: Jino la Mchezo Nalo Lioshwe

Katika kaya za Nemba, mkoani Kagera, kama kwingineko nchini, mbwa hulinda nyumba na paka hulinda akiba ya chakula dhidi ya panya. Utundu wao hauepukiki: mbwa mdogo hutafuna kandambili, paka huiba dagaa, na mtoto achezaye nao hupata mkwaruzo au alama ya jino. Kwa kuwa mnyama ni wa nyumbani, jeraha hupuuzwa. Hapo ndipo penye hatari.

Kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, awe mbwa au paka, mkubwa au mdogo. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya hapo, kinga ipo. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, lisipakwe pilipili wala majani, na majeruhi afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mhudumu asipime hatari kwa ukubwa wa jeraha pekee. Aulize: mnyama alichanjwa lini, na sasa yuko wapi? Mnyama aliye hai huchunguzwa kwa siku 10, lakini chanjo ya aliyeumwa isingojee siku hizo ziishe.

Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maambukizi hukatika. Siku ya chanjo kijijini, paka naye apelekwe.