Iniesta kaingia kwenye baiskeli, msimu wa 2026 una vita ya gia

MGUU uliofunga bao la dakika ya 116 pale Johannesburg mwaka 2010 na kuipa Hispania Kombe la Dunia, sasa umehamia kwenye pedeli. Andrés Iniesta mwenyewe hashindani, la hasha. Ila NSN, kampuni ambayo yeye ni mmoja wa waanzilishi wake, imeichukua timu ya baiskeli iliyokuwa ikiitwa Israel-Premier Tech, na kuanzia msimu wa 2026 timu hiyo inaitwa NSN Cycling Team.

Na 'straika' waliyemsajili ni Mwafrika.

Ni Biniam Girmay wa Eritrea. Kama humjui, mwaka 2024 jamaa alishinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani, ile ya anayekusanya pointi nyingi. Kwa lugha ya soka, hicho ni kiatu cha mfungaji bora. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Lakini 2025 ilimgomea, akamaliza msimu mzima bila kushinda mbio hata moja. Straika aliyekaukiwa mabao amebadilishiwa klabu, jezi na baiskeli. Sasa atapanda Scott.

Kibaya ni kwamba anahama wakati ambao sheria za baiskeli yenyewe zinabadilika. Shirikisho la kimataifa, UCI, ambalo kwenye mchezo huo ndilo FIFA yao, lilitangaza Juni 2025 mabadiliko ya vifaa yanayoanza Januari 1, 2026. Mabadiliko yenyewe sio ya rangi wala nembo. Yanagusa usukani, rimu, kofia na, kama UCI wangeachiwa wafanye watakavyo, hata gia.

USUKANI MWEMBAMBA BASI

Kwa miaka ya karibuni waendesha baiskeli wamekuwa wakibana usukani. Hesabu yake ni rahisi: adui mkubwa wa mwendesha baiskeli anayekimbia ni upepo, na mtu aliyebana mabega anakata upepo vizuri kuliko aliyeyatanua. Zamani kijana alinunua usukani wenye upana wa mabega yake. Sasa ikafika mahali mtu ana mabega ya beki wa kati lakini usukani ni wa mtoto.

Tatizo ni pale kundi la watu 150 linaposhuka mlima kwa kasi ya gari la abiria. Usukani mwembamba ni mgumu kuutuliza, ukiguswa kidogo tu unayumba. UCI ikaamua upana usipungue milimita 400 kwenye mbio za barabarani za kundi, kutoka 350 za awali.

Wanaume wengi hawakupata shida. Wanawake ndio waliopiga kelele, na walikuwa na hoja. Mwanamke mwenye umbo dogo, ambaye mabega yake hayafiki hata milimita 380, analazimishwa kukamata usukani mpana kuliko mwili wake kwa jina la usalama wake mwenyewe. Ni sawa na kumwambia winga avae kiatu namba 43 kwa sababu beki wake anavaa 43. UCI walilegeza kidogo, kipimo cha ndani kati ya vishikio vya breki kikashushwa kutoka milimita 320 hadi 280. Zile 400 za nje zimebaki palepale.

Rimu nazo zimewekewa kikomo, kina kisizidi milimita 65. Rimu yenye kina kirefu inateleza vizuri kwenye upepo wa mbele, ila upepo wa pembeni ukiipiga inageuka tanga la jahazi. Hapa hakuna aliyelia sana kwa kuwa timu nyingi zilikuwa chini ya kipimo hicho. Na zile kofia ndefu za mbio za kushindana na saa, zinazomfanya mtu aonekane kama kiumbe wa sinema, haziruhusiwi tena kwenye mbio za kundi.

VITA YA JINO MOJA

Utamu wenyewe uko kwenye gia.

UCI walipanga kufanya majaribio ya kuweka kikomo cha gia kwenye mbio za Tour of Guangxi nchini China, Oktoba 2025. Gia nzito kuliko zote ingekuwa meno 54 mbele na meno 11 nyuma. Kwa gia hiyo, ukizungusha pedeli mzunguko mmoja kamili baiskeli inasogea mita 10.46. Mantiki ya UCI ni kwamba ukimnyima mtu gia nzito, kwenye mteremko atafika mahali miguu inazunguka bure na kasi itajidhibiti yenyewe.

Kwenye karatasi inaeleweka. Shida ni kwamba kampuni zinazotengeneza gia hazifanani. Shimano ya Japan, ambayo vifaa vyake vinatumiwa na UAE Team Emirates ya Tadej Pogačar, gia yake ndogo ya nyuma ina meno 11. Timu ya Shimano inabadilisha gia ya mbele tu, kazi imekwisha. SRAM ya Chicago wao walishaamua siku nyingi kwamba gia yao ndogo ya nyuma ina meno 10. Weka 54 kwa 10 na baiskeli inasogea takriban mita 11.5, umeshavunja sheria. Yaani jino moja tu linamuweka mmoja ndani na mwingine nje.

Kwa hiyo timu za SRAM, wakiwemo Visma-Lease a Bike ya Jonas Vingegaard, zingelazimika kuifunga ile gia ya mwisho isitumike. Hebu fikiria ligi inatangaza kwamba viatu vyenye njumu za aina fulani vinaruhusiwa, halafu ikatokea kwamba viatu vya kampuni moja tu ndivyo vinabanwa na tangazo hilo.

SRAM hawakukaa kimya. Walipeleka malalamiko kwenye mamlaka ya ushindani wa kibiashara ya Ubelgiji, na Oktoba 2025, siku chache kabla ya mbio za Guangxi, mamlaka hiyo ikasimamisha jaribio. UCI wakalifuta, wakatangaza kukata rufaa. Wapenzi wa soka wanaokumbuka kesi ya Bosman wanajua Wabelgiji na sheria za michezo hawajaanza leo.

Kwa Girmay hili sio jambo la pembeni. Yeye anaishi kwa mita 200 za mwisho, pale kasi inapogusa kilomita 70 kwa saa. Gia nzito ndiyo silaha yake. Kwa sasa amebaki nayo, na wapinzani wake wamebaki nazo.

Je, UCI wana hoja kwamba mchezo umekuwa wa kasi mno? Wanayo. Mathieu van der Poel alishinda Paris-Roubaix ya 2024 kwa wastani wa kilomita 47.8 kwa saa, na baadhi ya vipande vya mbio hizo ni mawe matupu. Ila kasi hiyo haikuletwa na gia peke yake. Imeletwa na nguo, mikao, chakula na matairi pia, na ukiminya sehemu moja wataalamu wanachomokea kwingine. Kubana gia kunaonekana kama kumkata mshambuliaji miguu kwa sababu mabeki wanaumia.

TAIRI NENE, HAKUNA TYUBU

Kuhusu matairi, mambo yamegeuka kichwa chini. Miaka 20 iliyopita tairi la mbio lilikuwa na upana wa milimita 23 na lilijazwa upepo mpaka linakuwa gumu kama jiwe. Leo 28 ni kawaida, 30 na 32 zinaonekana kila wiki, na upepo unajazwa kidogo. Imegundulika kwamba tairi gumu linarukaruka kwenye lami, na kila mruko ni nguvu inayopotea.

Tyubu nazo zinaondoka. Ndani ya tairi wanaweka maji ya gundi yanayoziba tundu dogo lenyewe wakati gurudumu linazunguka. Fundi wa Shinyanga aliyelea watoto kwa kiraka na solusheni asisikie hii habari. Visma wao waliwahi kwenda mbele zaidi, wakatumia kifaa kinachoongeza na kupunguza upepo wa tairi mtu akiwa juu ya baiskeli, kwa kubonyeza kitufe.

Usiulize bei. Baiskeli kamili ya kiwango hiki dukani inauzwa euro 12,000 na kwenda juu, zaidi ya Sh30 milioni. Unapata gari dogo lililotumika na chenji inabaki. Uzito wake hauruhusiwi kushuka chini ya kilo 6.8, sheria iliyopo tangu mwaka 2000. Phoenix ya kubebea mkaa ni karibu mara tatu ya hapo, kabla hujapakia.

KIFAA CHINI YA SITI

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho hakimuongezei mtu kasi hata chembe, na pengine ndicho muhimu kuliko vyote.

Septemba 26, 2024, kwenye mashindano ya dunia Zurich, mvua ikinyesha, binti wa Uswisi mwenye umri wa miaka 18, Muriel Furrer, alianguka kwenye eneo la msitu. Mbio ziliendelea. Muda mrefu ulipita bila mtu kujua kwamba hayupo barabarani. Alifariki siku iliyofuata.

Mwaka mmoja baadaye mashindano hayo yalifika Kigali, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Safari hii kila mshiriki alifungiwa kifaa cha GPS, ili mtu akisimama ghafla au akitoka nje ya njia, wasimamizi wajue yuko wapi. Katika mbio za wanaume za kilomita 267.5, ambazo Pogačar alishinda na watu 30 tu wakafika mwisho kutokana na ugumu wa vilima vya Kigali, hakuna aliyepotea machoni.

Ungedhani kifaa hicho kingepita bila kelele. Hakikupita. Agosti 2025, kwenye Tour de Romandie ya wanawake, timu tano ziliondolewa kabla ya mbio kuanza kwa sababu zilikataa kuteua mchezaji wa kukibeba wakati wa majaribio. Timu zilisema hazipingi usalama, zilipinga namna UCI walivyoendesha jambo lenyewe. Nyuma yake kuna suala la nani anamiliki takwimu za mbio, na takwimu ni pesa. Inaumiza kuona mvutano wa aina hiyo mwaka mmoja tu baada ya Zurich.

Kinachofuata ni nguo yenye mfuko wa hewa unaofumuka mtu anapoanguka, ukilinda shingo na mgongo. Kampuni za Ulaya zimeshaonesha mifano. Madereva wa pikipiki wa MotoGP wanalazimika kuvaa nguo za aina hiyo tangu 2018, hivyo teknolojia ipo. Kazi ni kuifanya iwe nyepesi ya kutosha kwa mtu anayepanda mlima kwa miguu yake mwenyewe kwenye joto la Julai.

Na tukiwa hapohapo, mashabiki wa soka wasishangae wakisikia kadi ya njano. Ipo. Ukipewa mbili kwenye mbio moja unatolewa, na unakaa nje siku saba.

Tour de France ya 2026 inaanza Julai 4, siku ambayo Kombe la Dunia linaingia hatua ya 16 bora kule Amerika Kaskazini. Inaanzia Barcelona, kwa mbio za timu kushindana na saa, na mstari wa kumalizia uko kilima cha Montjuïc, pale kwenye uwanja wa Olimpiki ambao Barça walihamia wakati Camp Nou inakarabatiwa. Timu ya Iniesta itakuwa kwenye jiji la Iniesta.