Bakuli Tupu za Oliver

Watoto ishirini, pengine thelathini, wanaingia kwa foleni, kila mmoja na bakuli lake, wakiimba sifa za vyakula ambavyo hawajawahi kuvionja. Wanapakuliwa uji mwepesi kama maji. Mmoja wao, mdogo wa umbo, anarudi kwa bwana mkubwa kuomba aongezewe, na ukumbi mzima unanyamaza kimya.

Ndivyo unavyoanza Oliver!, mchezo wa nyimbo ambao Lionel Bart aliutunga kutokana na Oliver Twist, riwaya ya Charles Dickens. Vikundi vya maigizo ya ridhaa nchini Uingereza havichoki kuucheza. Wanaosimama jukwaani ni mwalimu, fundi bomba, karani wa benki. Halipwi mtu. Wanakutana usiku baada ya kazi, katika ukumbi wa kanisa au wa shule, miezi kadhaa mfululizo, ili wacheze juma moja tu na kisha warudi makwao.

Hadithi yenyewe imezoea kuchukuliwa na yeyote aitakaye. Dickens alianza kuitoa kipande kwa kipande katika jarida la Bentley's Miscellany mwezi Februari 1837, miaka mitatu baada ya Bunge kupitisha sheria ya kutaka maskini wasaidiwe kwa kuingizwa katika nyumba za kazi, ambako chakula kilipimwa na mume akatengwa na mkewe. Umaskini hakuusikia kwa jirani: alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake akiwa amezama katika madeni yaliyomfikisha gerezani, alitumwa kiwandani kubandika lebo kwenye vyombo vya dawa ya viatu. Riwaya ilikuwa haijafika mwisho mwaka 1838 pale majumba ya maigizo ya London yalipoidaka na kuicheza, bila ya kumwomba ruhusa. Rafiki yake John Forster amesimulia jinsi Dickens alivyokwenda kutazama mojawapo katika Surrey Theatre. Katikati ya onyesho la kwanza alijilaza sakafuni kwenye kona ya roshani yake ya watazamaji, wala hakuinuka mpaka pazia liliposhuka.

Na bado yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa jukwaa. Mwaka 1857 aligeuza chumba cha masomo cha watoto wake kuwa jukwaa, akaigiza The Frozen Deep pamoja na jamaa na marafiki. Kwa hiyo fundi bomba wetu ana mtangulizi wa kujivunia.

Bart naye hakupitia chuo cha muziki. Alizaliwa mwaka 1930 mashariki mwa London, mtoto wa fundi cherehani Myahudi, na hakujua kusoma wala kuandika nota. Tuni alikuwa akizitoa mdomoni, wengine wakaziandika. Mpangilio wa vyombo ukafanywa na Eric Rogers. Mchezo ulifunguliwa London tarehe 30 Juni 1960, ukaonyeshwa mara 2,618. Pengine asili hiyo ya mdomoni ndiyo inayozifanya nyimbo za Bart ziwakae vizuri watu wasio waimbaji: zinashikika ukizisikia mara ya pili.

Utajiri haukumkaa. Bart aliuza haki zake za Oliver! ili agharimie mchezo mwingine, Twang!!, juu ya Robin Hood, ambao ulianguka vibaya mwaka 1965. Mwaka 1972 akatangazwa muflisi. Kikundi kilicholipa ada ya kibali miaka hiyo kilikuwa kinamtajirisha mtu mwingine. Ni mwaka 1994, mchezo uliporudishwa katika London Palladium, ndipo mtayarishaji Cameron Mackintosh alipompa Bart fungu la mapato. Bart alifariki mwaka 1999. Riwaya ya Dickens leo ni ya kila mtu. Nyimbo za Bart bado zina wenyewe, na mkataba haumruhusu mwongozaji kubadili maneno apendavyo.

Mtihani mgumu kwa mwongozaji ni Fagin, mzee anayewafunza watoto wizi wa mifukoni. Dickens alimchora kwa dharau, akimwita Myahudi tena na tena, na mwisho akampeleka kunyongwa. Mwaka 1863 Bi Eliza Davis, Myahudi, alimwandikia barua ya kulalamika. Katika chapa ya mwaka 1867 Dickens akayafuta mengi ya maneno hayo. Bart alikwenda mbali zaidi. Fagin wake ni mcheshi na mwoga, na badala ya kitanzi anapewa njia ya kuondokea, mkono mtupu, akijiuliza kama ataweza kubadilika. Ni kweli kwamba utamu huu unaifunika hasira ya kitabu. Lakini mwigizaji wa ridhaa anayebandika pua ndefu na kuiga lafudhi ili kuchekesha majirani zake anaurudisha mchezo mahali ambapo Dickens mwenyewe alianza kupaonea aibu.

Fagin akishapatikana, kuna watoto. Sheria ya Uingereza kwa kawaida inadai kibali cha halmashauri kabla ya mwanafunzi kupanda jukwaani, na mlezi mmoja aliyesajiliwa hawezi kuachiwa zaidi ya watoto 12. Vikundi vingi hugawa watoto timu mbili za kupokezana, maana kesho yake ni shule. Hapo nyuma ya pazia ndipo kazi yenyewe ilipo: mama mmoja anapaka masizi ya bandia kwenye mashavu yaliyooga jioni ileile, mwingine anatafuta kofia ya mwizi mdogo, na mlezi ameweka kidole mdomoni kuwanyamazisha vijana waliokwisha kuimba na sasa wanataka biskuti.

Kuna mbwa pia. Bill Sikes, jambazi wa hadithi hii, hatembei bila mbwa wake, na mbwa hana habari na mwongozaji: akimwona bwana wake halisi safu ya tatu, anashuka.

Onyesho la mwisho huwa Jumamosi usiku. Watazamaji wakiwa bado mlangoni wanavaa makoti, fundi bomba ameshavua ndevu za Fagin na kushika bisibisi, anafungua ngazi za mbao. Bakuli zinapangwa katika boksi la karatasi. Hazihitaji kuoshwa, uji haukuwemo.