Jamani, baiskeli na njia ya miguu wapi na wapi?

Mpenzi msomaji, leo sina kisa cha mapenzi wala cha disko. Nina kesi, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa baiskeli. Nakaa Manzese, kibarua changu kiko Kariakoo, na kila asubuhi naipanda Phoenix yangu ya chuma kitupu na kuifuata Barabara ya Morogoro. Washikaji hunicheka, eti kijana wa mjini na baiskeli kama muuza maziwa. Wacheke tu. Wao wakiwa wamebanana mlangoni mwa basi, mimi nimeshafika Magomeni na nauli yangu bado iko mfukoni.

Zamani nilikuwa napita barabarani, ubavuni kabisa. Kilichonitoa huko ni jirani yangu mmoja, fundi seremala, baba wa watoto watatu. Jioni moja, akiwa na msumeno wake kwenye keria, alichomekewa na basi dogo lililokuwa linawahi abiria kituoni. Hakufa, tunamshukuru Mungu, lakini hadi leo anatembea kwa fimbo. Tangu wiki ile nikajiambia basi, mambo ya ubavuni nimewaachia wenye roho saba. Nikapanda juu, kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Najua utaniuliza, kwani hakuna njia ya baiskeli? Ipo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, barabara ile ilikuja na njia ya baiskeli iliyopakana na ya miguu, na jiji letu likapewa hata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Sawa kabisa. Lakini nenda kaitazame saa 12 jioni. Bodaboda anasubiri abiria hapo hapo, mwenye gari kaegesha hapo hapo, mwenye mitumba katandika. Mwishoni mwa 2021 machinga walihamishwa, njia ikawa nyeupe, halafu mdogo mdogo biashara ikarudi. Matokeo yake miguu na magurudumu vinagombania upenyo mmoja, na mwenye magurudumu ndiye anayeshinda.

Sasa sikiliza kasheshe. Ijumaa moja nilikuwa nimechelewa. Natimua, kengele haikauki, watu wanaruka kulia na kushoto, nami najiona mjanja ile mbaya. Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja mwenye beseni la vitumbua kichwani, mjukuu kamshika kanga. Nikapiga kengele. Mtoto akaruka kulia, bibi akaenda kushoto, kanga ikabaki katikati, na mimi nikaingia pale pale kwenye kanga. Breki? Wiki ya pili nilikuwa naahidi kuzipeleka kwa fundi. Beseni likaenda lake, vitumbua vikatapakaa hadi mtaroni, na bibi akawa amekaa chini kashika mkono wake.

Watu walijaa sekunde hiyo hiyo. Jamaa mmoja alishaanza kukunja mikono ya shati. Aliyeniokoa ni bibi mwenyewe. Hakunitukana. Aliniangalia tu, akasema, "Mjukuu wangu, umeyakimbia magari ndiyo uje kutugonga sisi?"

Nilikosa jibu, na sina mpaka leo. Kule barabarani mimi ndiye mnyonge, nalalamikia honi na ubabe wa madereva. Huku juu nilikuwa nimegeuka daladala: kengele ndiyo honi yangu, kila mtu anipishe, asiyepisha shauri yake. Hebu piga hesabu. Mtu anatembea kilometa 5 kwa saa, mimi bila kujitutumua nakwenda 15. Hizo ni zaidi ya mita 4 kila sekunde. Bibi hana kioo cha kuonea nyuma, na baiskeli hainguruma. Je, asiyesikia? Je, asiyeona?

Nilimpeleka zahanati. Mkono ulikuwa umeteguka, haukuvunjika. Nikalipa dawa, vitumbua vya siku ile, na vya siku tatu ambazo hakuweza kukaanga. Posho ya wiki ikaenda na maji.

Kijiweni kesi iliunguruma hadi usiku. Mmoja akasema mwanamume anapita barabarani, kuogopa nini? Huyo hajawahi kumiliki hata pampu. Mwingine akataka ipigwe marufuku, basi. Wenzetu nao wamehangaika na jambo hili. England wana sheria ya 1835 inayokataza, na inatumika hadi leo. Lakini 1999 waziri wao mmoja, Paul Boateng, alieleza kuwa faini haikukusudiwa kwa mtu anayepanda juu kwa kuogopa magari na anayewajali wenzake. Japani mtoto wa chini ya miaka 13 na mzee wa miaka 70 na kuendelea wanaruhusiwa. Mtu mzima mwingine ni palipo na alama au barabara ikiwa ya hatari, na lazima aende taratibu, asimame kama anamzuia mwenda kwa miguu. Kidogo hapo nawaelewa Wajapani.

Mimi barabarani sirudi, fimbo ya jirani yangu naiona kila siku. Njia ya baiskeli isafishwe na ibaki safi, hilo nitalipigia kelele hata nikiwa peke yangu. Lakini mpaka isafishwe, huku juu mimi ni mgeni. Penye watu nashuka nasukuma. Kengele nimeacha kuigeuza amri, nasema "samahani, napita," na asiposikia nasubiri. Dada mmoja ofisini akaniuliza, sasa kama unasukuma, baiskeli ya nini? Dada yangu, sisukumi hadi Kariakoo. Nikishuka Jangwani watu wanapungua, nakalia tandiko langu kwa raha zangu. Kusukuma kwenyewe kunanila dakika 10 hivi. Siku hizi naamka mapema, na breki zimetengenezwa.

Bibi naye karudi kwenye kona yake. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Leo unaendesha au unasukuma?" Nasukuma. Ananifungia vitumbua vinne kwenye gazeti, na bei, nawaambia ukweli, hanipunguzii hata shilingi.